Namna ya Kuingiza Masuala ya Mazingira katika Mpango wa Usalama wa Taifa: Mwongozo Kamili

Nyaraka nyingi za usalama wa taifa huyataja mazingira, lakini huyataja mahali pasipo na kazi: aya moja karibu na mwisho, chini ya kichwa cha masuala mtambuka, ikisema kwamba mabadiliko ya tabianchi ni tishio na kwamba serikali itachukua hatua stahiki. Aya ya namna hiyo haimpi mtu yeyote jukumu, haina fedha, wala haina siku ya kuanza kutekelezwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya maofisa wa mipango, watendaji wa sekretarieti za mabaraza na kamati za usalama, na wataalamu wa mazingira wanaoalikwa kuketi nao pasipo kuelezwa wanatakiwa kuleta nini.

Msimamo unaouongoza ni mmoja. Ukame, mafuriko au kupungua kwa maji ya mto si adui wa kupigwa vita. Hali ya mazingira hugeuka kuwa tatizo la usalama kwa sababu ya mambo inayoyapitia kabla ya kuwafikia watu, yaani soko, sheria ya ardhi, mahakama, kituo cha polisi na uamuzi wa waziri, na ni humo ndimo mpango unapopaswa kufanya kazi.

Kabla ya kuanza: ufahamu ubishi uliopo

Wazo la kuunganisha mazingira na usalama si geni. Ripoti ya Maendeleo ya Binadamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1994 iliuorodhesha usalama wa mazingira miongoni mwa nyanja saba za usalama wa binadamu, na mwezi Aprili 2007, Uingereza ikiwa mwenyekiti, Baraza la Usalama la Umoja huo lilijadili kwa mara ya kwanza uhusiano wa tabianchi na amani. Hata hivyo, mwezi Desemba 2021 rasimu ya azimio iliyowasilishwa na Ireland na Niger, iliyokusudia kulifanya suala hili kuwa sehemu ya kawaida ya kazi za Baraza, ilipata kura 12 za kuunga mkono na bado ikaanguka kwa kura ya turufu ya Urusi. India nayo ilipinga, na China haikuegemea upande wowote.

Hoja za wapinzani hazipaswi kupuuzwa, kwa sababu zitarudi kwenye meza yako kwa sauti nyingine. Ipo hofu ya kweli kwamba suala likishaitwa la usalama, fedha zitahama kutoka kilimo na maji kwenda kwenye silaha, taarifa zilizokuwa wazi zitapigwa muhuri wa siri, na mfugaji anayetafuta malisho ataanza kutazamwa kama mhalifu. Mpango mzuri unaijibu hofu hiyo ndani ya maandishi yake: unataja bayana kazi ambazo vyombo vya ulinzi havitazifanya.

Hatua ya kwanza: amua unalinda nini

Wengi huanza na orodha ya majanga, kisha wakajaribu kuyapanga kwa ukubwa. Orodha hiyo haina mwisho. Anza na vitu vinavyolindwa: maisha ya watu, uwezo wa serikali kutoa huduma katika eneo lake lote, miundombinu ambayo ikisimama nchi nayo husimama (umeme, bandari, mawasiliano, barabara kuu), uhusiano na majirani, na utayari wa vyombo vya ulinzi vyenyewe. Kwa kila kimoja uliza maswali matatu. Je, mazingira yanaweza kukidhuru? Je, kuna mtu anayeweza kuyatumia mazingira kama silaha au kama chanzo cha mapato ili kukidhuru? Je, shughuli zetu wenyewe za ulinzi zinaharibu mazingira kinayoyategemea? Swali la tatu ndilo husahaulika, nalo litarejewa katika hatua ya saba.

Hatua ya pili: chora mnyororo, kiungo kwa kiungo

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na inastahili muda mrefu kuliko unaotengwa kwa kawaida.

Chukua mfano wa wafugaji na wakulima wanaotumia bonde moja. Mvua zinachelewa, na malisho ya nyanda za juu yanakwisha wiki kadhaa kabla ya wakati uliozoeleka. Mifugo inateremshwa bondeni mapema na kuyakuta mazao yakiwa bado shambani. Njia ya mifugo iliyokuwepo imekwisha kulimwa, kwa kuwa viwanja viligawiwa bila mtu kuangalia ramani ya zamani. Shamba linaliwa. Mkulima anapeleka malalamiko, tathmini ya hasara inachukua miezi, na fidia haitoki, au inatoka kwa mwenye ndugu ofisini. Msimu unaofuata mkulima haendi tena ofisini, anakamata ng'ombe. Vijana wa upande wa pili wanakuja usiku kuwachukua, na safari hii mmoja wao ana bunduki.

Hesabu viungo hivyo. Ni kimoja tu, cha kwanza, kilicho mikononi mwa hali ya hewa. Kugawa viwanja, kuitunza njia ya mifugo, kutathmini hasara, kulipa fidia, kuzuia silaha kuingia: yote hayo ni kazi za taasisi zenye majina, anwani na bajeti. Andika kila kiungo kwenye mstari wake, na pembeni yake uandike taasisi inayokimiliki. Pale utakapokuta kiungo kisicho na mwenyewe, au chenye wenyewe watatu wanaotegeana, umepata mahali pa kuelekeza mpango. Mara nyingi dawa itakuwa jambo la kawaida lisilovutia mkutano wowote, kama vile kuweka alama mpya kwenye njia za mifugo au kumwezesha mtathmini wa mazao kufika shambani ndani ya siku chache.

Mnyororo pia unakukinga dhidi ya maelezo ya mkato. Vita vya Syria vimeelezwa mara nyingi kama matokeo ya ukame mkali ulioikumba nchi hiyo kuanzia mwaka 2006, lakini watafiti wanabishana hadi leo kuhusu uzito wa ukame huo ukilinganishwa na sera za maji, kuondolewa kwa ruzuku na namna serikali ilivyowajibu waandamanaji mwaka 2011. Ziwa Chad nalo ni fundisho. Ni kweli kwamba eneo lake la maji lilipungua kwa takribani asilimia 90 kati ya miaka ya 1960 na 1980, na picha za kipindi hicho bado huonyeshwa mikutanoni kana kwamba upungufu unaendelea kwa kasi ileile. Tafiti za setilaiti za miaka ya karibuni zinaonyesha kwamba ziwa halijaendelea kukauka, bali limetulia na hata kuongezeka kiasi, huku mvua zikizidi kutotabirika. Wakati huohuo, wavuvi na wakulima wengi wamezuiwa kuyafikia maji na mashamba na vita vya kundi la waasi la Boko Haram pamoja na amri za kuvikabili. Katika eneo la Diffa nchini Niger, kwa mfano, hatua za dharura za mwaka 2015 zilijumuisha kupiga marufuku biashara ya samaki na pilipili, ambayo ndiyo iliyokuwa riziki ya watu wengi. Mpangaji anayeamini kwamba tatizo ni ziwa linalotoweka atatafuta maji ya kulijaza, ilhali aliyechora mnyororo ataiona amri iliyoziba njia ya riziki.

Hatua ya tatu: kusanya taarifa, na uziache wazi

Taarifa unazozihitaji kwa kiasi kikubwa zipo tayari, zimetawanyika. Mamlaka ya hali ya hewa ina utabiri wa msimu, wizara ya maji ina vipimo vya kina cha mito, wizara ya mifugo ina bei za minada, wizara ya afya ina idadi ya watoto wenye utapiamlo, na askari wa wanyamapori huona mienendo ambayo hakuna ripoti inayoiandika. Kazi yako ni kuzikutanisha mara kwa mara katika meza moja, kwa ramani moja na tarehe zinazolingana.

Chagua viashiria vichache vinavyotangulia tukio. Mojawapo bora kwa maeneo ya wafugaji ni kiasi cha nafaka anachoweza kununua mtu kwa kuuza mbuzi mmoja. Kiasi hicho hushuka mapema, wakati mvua ya msimu bado inabishaniwa, kwa sababu wafugaji huanza kuuza mifugo iliyokonda na wafanyabiashara huanza kuficha nafaka. Kiashiria cha namna hii ni rahisi kupima, nacho kinamhusu moja kwa moja mtu ambaye uamuzi wake ndio utakaozaa amani au ugomvi.

Tambua vilevile mahali ambapo macho yako hayafiki. Nzige wa jangwani walioivamia Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka 2019 na mwaka 2020 walianza kuongezeka mbali na hapo: vimbunga Mekunu na Luban vya mwaka 2018 vilinyesha mvua kwenye jangwa la Rub' al Khali katika Rasi ya Uarabuni, vizazi kadhaa vya nzige vikakua bila kuonekana katika eneo hilo la mbali, na makundi yalipofika Yemen vita vilikuwa vimedhoofisha upimaji na unyunyiziaji wa dawa. Kenya ilipata uvamizi ambao haikuwa imeuona kwa takribani miaka 70. Pengo la usalama katika nchi moja liligeuka kuwa pengo la taarifa kwa ukanda mzima, kwa hiyo orodha ya maeneo yasiyopimika inapaswa kuwemo ndani ya tathmini yenyewe.

Kuhusu usiri, kanuni nyepesi inatosha: data za mvua, mito, malisho na bei zibaki wazi kwa umma, na usiri uwekwe tu juu ya uchambuzi unaotaja makundi, watu au mipango ya operesheni. Data ya mto ikifichwa, mkulima na jirani wa nchi ya pili watadhani kuna jambo baya, nao wataanza kujihami.

Hatua ya nne: pima kwa pamoja

Rejista za vihatarishi, yaani orodha za hatari zinazoweza kutokea, huzidisha uwezekano wa tukio kwa ukubwa wa madhara yake na kutoa namba. Ongeza vigezo viwili: kasi, kwa sababu mafuriko yanayokuja ndani ya muda wa saa sita na chumvi inayopanda kwenye udongo kwa miaka 20 havipangwi kwa njia moja; na uwezekano wa kurudisha hali ya awali, kwa sababu kisima kikiingiwa na maji ya bahari huenda kisitumike tena katika kizazi hiki.

Jambo la hatari zaidi ni kupima kila tukio peke yake. Msumbiji ilipigwa na kimbunga Idai katikati ya Machi 2019 katika eneo la Beira, na kabla ya Aprili kwisha kimbunga Kenneth kikatua Cabo Delgado, mkoa ambao tayari ulikuwa na uasi wa kutumia silaha tangu Oktoba 2017. Waokoaji, helikopta na fedha vilikuwa vimeelekezwa katikati ya nchi, huku kaskazini mahitaji ya misaada yakikutana na barabara zisizo salama. Jiulize basi: ni matukio gani mawili, ambayo kila moja tungelimudu, tusiyoweza kuyamudu yakija pamoja?

Hatua ya tano: weka kiwango cha kuchukua hatua, na jina la mwenye kuichukua

Tahadhari bila wajibu haiokoi mtu. Kuhusu njaa ya Somalia, tahadhari zilianza kutolewa mwaka 2010, lakini misaada mikubwa ilisubiri hadi njaa ilipotangazwa rasmi tarehe 20 Julai 2011. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba karibu watu 260,000 walikufa, nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Vikwazo vya kundi la Al-Shabaab dhidi ya mashirika ya misaada vilichangia, lakini ukweli unabaki kwamba taarifa zilikuwepo na hakuna aliyelazimishwa na taarifa hizo kufanya jambo lolote.

Kwa hiyo kila kiashiria kipewe kiwango, na kila kiwango kipewe mambo manne: cheo cha mtu anayewajibika, hatua atakayoichukua, idadi ya siku alizonazo, na fungu la bajeti litakalotumika. Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: mbuzi mmoja anapoweza kununua chini ya nusu ya nafaka aliyokuwa akinunua wakati kama huo kwa wastani wa miaka mitano iliyopita, mkuu wa wilaya atafungua njia za dharura za mifugo na kuitisha kikao cha wazee wa pande zote ndani ya siku saba, kwa kutumia mfuko wa tahadhari uliokwisha kuidhinishwa. Zingatia neno "uliokwisha". Fedha zinazoombwa baada ya kiwango kuvukwa hufika wakati wa kununua majeneza.

Pingamizi utakalolisikia ni kwamba viwango vigumu huwanyima viongozi uhuru wa kuamua. Jibu ni kuwaachia uhuru huo kwa sharti: kiongozi anaweza kukataa kuchukua hatua iliyoandikwa, ila atie sahihi sababu zake siku hiyohiyo.

Hatua ya sita: vuka mpaka mapema

Mto, moshi na nzige havina pasi ya kusafiria, na mpango unaoishia mpakani una pengo. Somo zuri linatoka Mto Senegal, ambako Mali, Mauritania na Senegal ziliunda shirika la pamoja mwaka 1972 na kufikia hatua ya kumiliki mabwawa kwa pamoja, jambo linalofanya kila nchi ipoteze ikiyaharibu mabwawa hayo. Mkataba wa Maji ya Indus wa mwaka 1960 kati ya India na Pakistan ulidumu kupitia vita vya 1965 na 1971, hadi India ilipotangaza kuusitisha kwa muda mwezi Aprili 2025. Katika Bonde la Nile, Ethiopia ilianza kujenga Bwawa Kuu la Renaissance mwaka 2011 na kulizindua Septemba 2025, bila mkataba wa pamoja na Misri na Sudan kuhusu kujaza na kuendesha bwawa hilo.

Funzo la kivitendo ni kutenganisha mawasiliano ya wahandisi na mawasiliano ya wanasiasa. Hakikisha kwamba vipimo vya mto vinatumwa kwa jirani kila siku kwa utaratibu wa kiufundi, na kwamba utaratibu huo umeandikwa namna ambayo hausimami balozi anapoitwa nyumbani. Hapo ndipo unapohitajika zaidi.

Hatua ya saba: viangalie vyombo vya ulinzi vyenyewe

Kambi, maghala na viwanja vya ndege vya kijeshi vimejengwa kwa kufuata hali ya hewa ya zamani. Mwezi Oktoba 2018 kimbunga Michael kiliisambaratisha kambi ya Tyndall ya jeshi la anga la Marekani huko Florida, na ndege kadhaa za kivita za F-22 zilikutwa ndani ya mahangari kwa kuwa hazikuwa katika hali ya kuruka. Fanya ukaguzi wa kila kituo: kimo chake juu ya maji, chanzo chake cha maji ya kunywa, barabara yake ya pili.

Upande wa pili ni madhara yanayotokana na shughuli za ulinzi na vita. Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya mwaka 1977 katika Mikataba ya Geneva kuhusu sheria za vita, kwenye vifungu vya 35 na 55, inakataza mbinu za kivita zinazokusudiwa au zinazotarajiwa kuleta uharibifu mpana, wa muda mrefu na mkali wa mazingira, na mafunzo ya maofisa yanapaswa kuvitaja vifungu hivyo kwa namba. Weka pia kumbukumbu ya hali ya udongo, maji na misitu wakati wa amani. Baada ya majeshi ya Irak kuchoma zaidi ya visima 600 vya mafuta nchini Kuwait mwaka 1991, madai ya fidia ya mazingira yalihitaji ushahidi wa hali ilivyokuwa kabla. Irak ilikamilisha kulipa jumla ya dola bilioni 52.4 za fidia za aina zote mwaka 2022.

Chunguza mapato ya makundi yenye silaha kwa jicho hilohilo. Baraza la Usalama lilipiga marufuku usafirishaji wa mkaa kutoka Somalia kwa azimio namba 2036 la Februari 2012, kwa sababu biashara iliyokuwa ikimaliza miti ndiyo iliyokuwa pia ikiwalipia wapiganaji. Ofisa wa misitu na mpelelezi wa fedha haramu walikuwa wanafuatilia gunia lilelile.

Hatua ya nane: ujaribu mpango mezani

Zoezi la mezani la siku moja, ambapo viongozi huigiza dharura kwa kujadili tu, litafichua mengi kuliko mwaka wa kubadilishana nyaraka. Waite watu wenye kuamua, si wawakilishi wao, na uhakikishe kwamba yumo mhandisi wa bwawa, mhasibu mkuu, mkuu wa mawasiliano na kiongozi wa serikali ya eneo husika. Toa taarifa moja baada ya nyingine: kina cha maji kimefikia kiwango cha pili; mtandao wa simu umekatika; kuna uvumi kwamba mageti ya bwawa yamefunguliwa makusudi ili kuzamisha upande wa wapinzani. Uvumi huo usiuache, kwa sababu katika maisha halisi hufika kabla ya maji. Andika kila mahali ambapo mtu mmoja alimtazama mwenzake akisubiri aamue yeye.

Katika zoezi hilo, uongozi ubaki kwa mamlaka ya kiraia na jeshi lije kama msaidizi, likiwa na tarehe ya kuingia na masharti ya kuondoka. Jeshi lililokabidhiwa kugawa maji ya kunywa bila tarehe ya mwisho huishia kuyamiliki.

Hatua ya tisa: panga mapitio kwa kalenda ya msimu

Mipango ya usalama mara nyingi hupitiwa baada ya miaka kadhaa, na msimu wa mvua haungoji. Sehemu ya mazingira ipitiwe kila utabiri wa msimu unapotolewa, katika kikao kifupi chenye ajenda tatu tu: viwango gani vimevukwa, nani alichukua hatua na nani hakuchukua, na ni kiungo gani cha mnyororo kimebadilika. Kikao kimoja kati ya hivyo kiwekwe kabla ya wizara kuwasilisha makadirio yao ya bajeti, ili kiungo kilichoonekana dhaifu kipate fedha katika mwaka huo huo, na taarifa yake isomwe na kamati ya bunge inayosimamia ulinzi pamoja na ile inayosimamia mazingira, zikiwa zimeketi pamoja.